Mama Rudia wa Kiwanja cha Ruziba

Kanuni yenyewe ni fupi: anayepewa amri kwenye redio airudie neno kwa neno, na aliyeitoa asishike jambo lingine mpaka aisikie imerudiwa. Mwantum Hamissi aliisimamia kanuni hiyo kwa miaka tisa bila kumwonea mtu haya, isipokuwa mtu mmoja. Kwa mtu huyo aliivunja miezi minane mfululizo, kila zamu, akijua kwamba anaivunja.

Sitamficha kosa lake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha.

Mwantum ni mwongozaji ndege. Anafanya kazi katika kiwanja kidogo cha jiji kilicho kusini mwa Bujumbura, ukishapita Ruziba, ambako hutua ndege ndogo za kukodi: za wagonjwa, za watu wa miradi, za wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Kigoma au Kalemie. Pisti, ile njia ndefu ya lami ya kutua na kuruka, ni moja tu. Mnara ni chumba cha vioo juu ya ngazi thelathini na mbili. Siku yenye shughuli nyingi huja ndege tisa. Mtu anaweza kudhani mahali kama hapo hapahitaji ukali. Ni kinyume chake. Kiwanja kikubwa kina mitambo ya kumshtua aliyesinzia. Kiwanja kidogo kina macho ya mtu mmoja, redio moja, na neno analolisema.

Adui wa kiwanja hicho ni samaki. Wanawake wa Ruziba wanajua kwamba hakuna kinachokausha ndagala, dagaa wa ziwani, haraka kama lami yenye joto. Mvua ikikatika na jua likachomoza, wanapenya kwenye matete na beseni zao, wanaanika kando ya pisti, na nyuma yao wanafuata yangeyange na mwewe. Ndege mmoja tu akivutwa na injini anatosha kuangusha ndege nzima. Lugha yetu imeviita vyote viwili kwa jina moja, kwa hiyo wafanyakazi wa pale husema "ndege ya chuma" na "ndege ya manyoya" ili wasichanganye. Pikapu moja ya njano huzunguka kutwa nzima ikipiga honi, kuwafukuza wa manyoya na kuwabembeleza wenye beseni.

Kila gari linalotaka kuingia kwenye pisti huomba ruhusa mnarani. Na mnarani, kwa Mwantum, hakuna aliyeingia kwa "ndiyo".

Hapo ndipo pagumu, nami naomba msomaji apaelewe vizuri. Sisi watu wa Bujumbura tuna adabu nyingi mdomoni. Mrundi atakuambia "ego", Mswahili wa Buyenzi "ndiyo", aliyetoka Uvira "sawa", aliyekaa sana darasani "d'accord". Kwa maneno hayo yote hatusemi kwamba tumefanya, wala kwamba tutafanya. Tunasema tumesikia na tunakuheshimu. Tena mkubwa akikuagiza, ukamrudishia maneno yake yaleyale, umemvunjia heshima: umemwiga, umemfanyia mzaha. Kwa hiyo kanuni ya redio inamtaka mtu wetu afanye, mara ishirini kwa siku, jambo ambalo mama yake alimchapa ili asilifanye. Marubani wa kigeni hurudia bila taabu. Dereva wa mashine ya nyasi, Landry, alitaabika wiki tatu.

"Mashine ya nyasi, simama kabla ya mstari mweupe."

"Ego, mama."

"Rudia."

"Nimesikia, mama."

"Sikuuliza kama umesikia. Rudia."

"Mashine ya nyasi inasimama kabla ya mstari mweupe. Mama, kwetu hii ni kutukanana."

"Basi ukimaliza upande huo, nitukane tena."

Wakamwita Mama Rudia. Adolphe, mkuu wa wazimamoto, mtu wa maneno mengi na kazi chache, alikuwa akiwaambia wageni: "Yule mutoto wa Buyenzi, ukimuambia unamupenda, anakuambia rudia. Ukirudia, anaandika na saa." Mwantum aliposikia alisema Adolphe amekosea kidogo: saa huandikwa kwanza.

Mtu mmoja ambaye hakurudia alikuwa Hamimu, baba yake mdogo.

Baba mzazi wa Mwantum, fundi cherehani wa Buyenzi, alifariki binti akiwa na miaka mitano. Hakuacha mtoto wa kiume. Hamimu, mdogo wake, alimchukua Mwantum na mama yake, akawalisha na kuwavika, na hakuwahi kuwakumbusha. Asubuhi alikuwa dereva wa malori. Baada ya alasiri alikuwa mwalimu wa chuo, akiwafundisha Kurani watoto wa mtaa kwenye ukumbi wa nyumba yake. Mwantum alikaa kwenye mkeka ule miaka saba. Namna ya kufundisha ilikuwa ileile ya tangu zamani: mwalimu anasoma, mtoto anarudia; akikosea herufi moja, anarudia tena. Binti alikuwa na sikio zuri. Alipokwenda nje ya nchi mwaka mmoja na nusu kusomea uongozaji ndege, walimu wake walishangaa jinsi anavyonasa sentensi ndefu kwa kuisikia mara moja. Yeye hakushangaa. Alijua ameitoa mkekani.

Hamimu aliajiriwa kiwanjani kuendesha gari la maji, kazi isiyomfikisha kwenye pisti. Alipobakiza miaka miwili kasoro kustaafu, walimpa pikapu ya njano. Siku ya kwanza Mwantum alikuwa zamu.

"Pikapu, usiingie kwenye pisti. Subiri hapo ulipo."

"Ndiyo, mama." Alizoea kumwita hivyo, kama tunavyowaita mabinti zetu.

"Rudia, baba mudogo."



"Mwantum," ikasema sauti ya Hamimu, taratibu, "mi ndiye nilikufundisha kurudia. Mwalimu anasema, mutoto anarudia. Leo mutoto ni nani?"

Redio ile inasikika na kila mwenye kifaa kiwanjani. Landry alisikia, na Adolphe alisikia na akacheka hewani. Mwantum alikuwa na jibu sahihi, na jibu hilo lilikuwa neno moja. Hakulisema. Alisema, "Pikapu, endelea kusubiri," na tangu siku hiyo "ndiyo" ya Hamimu ikapita mahali ambapo "ego" ya Landry ilizuiwa.

Alikuwa na sababu zake, na ni zile ambazo kila mmoja wetu amewahi kuwa nazo. Mzee ni mwangalifu. Mzee anatazama pande zote mbili. Miezi inapita na hakuna lililotokea. Mambo mengi maovu yameingia nchini mwetu kwa mlango huo wa "hakuna lililotokea". Tena palikuwa na jambo jingine. Mwantum alikuwa ameposwa na Anouar, fundi wa injini wa Buyenzi, na harusi ilikuwa imepangwa. Baba hayupo, babu hayupo, kaka hana. Walii wake, mtu wa kukaa mbele ya shehe na kumkabidhi kwa mume, alikuwa Hamimu. Asubuhi anamwambia rudia kama mtoto, jioni anamwomba amwoze kama baba: aliona hayo mawili hayakai pamoja.

Ikafika asubuhi ya mwezi wa nne, Ijumaa ya tatu kabla ya harusi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tatu, na ukungu ukapanda kutoka ziwani ukafunika ncha ya kusini ya pisti. Ndege ndogo iliyobeba abiria tisa ilikuwa inakuja kutoka Kigoma. Rubani wake, Valéry, ni mtu wa hapa anayeijua njia hiyo kwa miaka mingi. Hamimu alikuwa kwenye pisti na pikapu, ndani ya ukungu, akifukuza yangeyange.

"Pikapu, toka kwenye pisti. Ingia njia ya pembeni, usimame hapo."

"Ndiyo, mama."

Mwantum alihesabu muda unaotosha gari kutoka, kama alivyofanya kila siku. Kisha akamwambia Valéry kwamba pisti iko wazi, atue. Valéry akarudia amri neno kwa neno, kama inavyopaswa. Kila mtu alikuwa ametimiza wajibu wake, ukiacha ile "ndiyo".

Hamimu hakuwa ametoka. Hakukaidi, kwake "ndiyo" ilikuwa na maana ileile iliyokuwa nayo nyumbani kwake maisha yote. Amesikia, anaheshimu, atakwenda. Lakini mbele yake palikuwa na kundi moja la yangeyange lililobaki, na aliona heri alimalize kwanza, ili ndege ya mutoto itue salama. Kwa nia yake, alikuwa anamsaidia.

Mwantum alikuwa na darubini machoni. Alichokiona si gari. Aliona yangeyange wakiinuka kutoka kwenye ukungu, wote kwa pamoja, kwa mstari, kama wanavyoinuka wakifukuzwa na honi. Akaelewa. Ndege ilikuwa imeshateremsha magurudumu.

"Usitue. Panda, uzunguke."

"Sitatua, napanda, nazunguka," akasema Valéry, na kabla hajamaliza kusema, injini zilikuwa zimeshanguruma.

Ndege ilipita juu ya pikapu kwa kimo cha michikichi mitatu. Hamimu aliinamisha kichwa juu ya usukani. Abiria walidhani ni upepo wa ziwa. Mmoja alimwagikiwa na chai. Dakika nane baadaye walitua, wakachukua mizigo yao, wakaenda zao. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyejua.

Valéry mwenyewe hakuliona gari. Alipozima injini alimwita Mwantum kwenye redio.

"Mama Rudia, ilikuwa nini pale? Ndege ya manyoya? Niliwaona wengi sana."

Mwantum aliweka darubini mezani.

"Mi naandika manyoya kwenye karatasi yangu," akasema Valéry. "Nina usingizi."

Tazama jinsi uongo ulivyomjia, umevaa nguo za ukweli. Manyoya yalikuwepo kweli. Rubani aliyaona, na alikuwa tayari kutia saini. Neno moja katika kitabu cha zamu, na mambo yamekwisha: mzee anastaafu kwa heshima, harusi inafungwa, Mama Rudia anabaki na jina lake. Asingekuwa amesema hata neno moja lisilokuwepo pale kwenye pisti.

Kanuni ya pili ya mnara ni kwamba tukio huandikwa kabla mwongozaji hajainuka kitini. Mwantum alimwita mwenzake wa zamu ya mchana, Lisette, aliyekuwa ameshafika, akamwomba ashike redio. Akavuta kitabu. Alikuwa ameshika kalamu aliposikia viatu vya Hamimu vikipanda ngazi. Mzee aliingia na tope hadi magotini, akasimama mlangoni. Lisette, aliyenisimulia sehemu hii, anasema hakuwahi kumwona mzee yule akiomba kitu, na hata siku hiyo hakujua namna ya kuomba.

"Rubani anasema ni yangeyange," akasema Hamimu.

"Nimemusikia."

"Basi andika yangeyange. Walikuwepo. Si uongo."

"Walikuwepo, baba mudogo. Na we ulikuwepo."

Mzee akavua kofia, akaikamua maji, akaivaa tena.

"Mi nilisema ndiyo. We ukanyamaza. Miezi minane nasema ndiyo, we unanyamaza. Leo ndiyo imekuwa mbaya?"

"Apana. Ilikuwa mbaya siku ya kwanza. Kosa la kwanza ni langu, na ndilo naanza kuandika."

"Andika lako, basi. Langu uache."

"Sasa watasoma nini? Kwamba nilikosea na hewa?"

Lisette anasema nusura acheke, akaona uso wa Mwantum, akageukia dirishani.

"Ijumaa ya harusi," akasema Hamimu, na sauti yake ikashuka, "natakiwa kukaa mbele ya shehe, nitoe mkono, niseme nimekuoza binti wa ndugu yangu. Nitakaa pale kama nani? Kama muzee mwenye alifukuzwa kazi na huyo huyo binti?"

"Kukiwa na mwingine kwenye pisti kesho, atasema ndiyo kama we. Na mimi, au Lisette, tutamuonea haya kama nilivyokuonea. Kwenye ile ndege kulikuwa watu tisa, na Valéry, na we chini. Ningewazika kumi na moja, na wa kwanza kuoshwa ungekuwa we."

"Mi nimeuliza nitakaa kama nani."

Mwantum aliinama akaandika. Hamimu alisimama pale mpaka kalamu ikatulia, kisha akashuka ngazi zote thelathini na mbili akishika ukuta.

Nimeruhusiwa kusoma alichoandika. Ni mistari sita. Anaanza na nafsi yake: kwamba tangu mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia amekuwa akikubali jibu la "ndiyo" kutoka kwa dereva wa pikapu bila kudai marudio, kwa sababu dereva ni mzee wake, na kwamba siku hiyo alitoa ruhusa ya kutua bila uhakika kwamba pisti iko wazi. Kisha anaandika kwamba pikapu ilikuwa bado kwenye pisti, na jina la dereva. Anamalizia na yangeyange, mstari wa mwisho, kwa sababu na wao walikuwepo. Hakuna kivumishi hata kimoja.

Lisette alimwuliza kwa nini hakusubiri wiki tatu, harusi ipite kwanza. Kitabu hakina kurasa za kusubiri, Mwantum alimjibu.

Kikao cha uchunguzi cha wakubwa wa kiwanja kilikaa siku nne. Wakubwa wawili kati ya watatu walimwambia waziwazi kwamba amejisumbua bure, na kwamba mtu mwenye akili angeandika ndege wa manyoya. Wa tatu aliomba redio ifunguliwe na magari yote ya kiwanjani yapewe amri mojamoja. Landry peke yake alirudia kama inavyotakiwa. Waliobaki, waliozoea zamu za waongozaji wengine, walisema "ego", "sawa", "nimekupata". Adolphe alisema "amina". Kikao hakikucheka. Ikaonekana kwamba "ndiyo" ya Hamimu haikuwa peke yake. Ilikuwa tu ndiyo iliyokamatwa.

Tangu mwezi huo hakuna gari linaloguswa kiwanjani pale na mtu ambaye hajafundishwa kurudia, awe mzee au kijana. Mafunzo huanza kwa Mwantum kuwaambia wanafunzi kwamba pale ndani maneno ya mkubwa yakirudiwa ndiyo heshima, na kwamba nje ya uzio waendelee na adabu za mama zao. Miaka sita imepita. Pikapu haijakutwa tena kwenye pisti ndege ikishuka.

Anouar, mchumba, alipoambiwa habari yote, alikaa kwenye benchi la gereji, akipangusa spana ambayo ilikuwa imeshapanguswa.

"Sasa mi naoa mutu mwenye anajiandika yeye mwenyewe," akasema. "Mi nikikosea nitaandikwa kurasa ngapi?"

"Mistari sita."

"Hiyo naweza," akasema Anouar.

Watu wengi wa Buyenzi hawakumwelewa, na wengine hawamwelewi hadi leo. Nimesikia akina mama wakisema kwamba elimu imemtoa utu, kwamba aliyekula wali wa mtu hamwandiki kwenye kitabu. Nawajibu hapa kwa kuwa pale mtaani hawakunipa nafasi. Shukrani ni deni la nyumbani, na halilipwi kwa roho za abiria. Mwantum alimpenda baba yake mdogo kuliko alivyompenda mtu yeyote aliye hai, na ninaamini hivyo kwa sababu ya yale aliyoyaandika juu ya nafsi yake kabla ya kuliandika jina lake. Sisi hapa tunao watu wengi wanaosema kweli juu ya wengine. Anayeanza na yake ni adimu, na nchi isiyo naye haina kitu cha kuisimamisha.

Alimwendea mzee mara nyingi. Wiki ile ya kwanza alikwenda na mama yake, kisha na imamu, kisha peke yake, akapiga magoti kwenye mkeka uleule aliosomea. Hakwenda kuomba radhi kwa kuandika. Aliomba radhi kwa miezi minane ya kunyamaza, ambayo ndiyo iliyomfikisha mzee pale. Hamimu alisikiliza, akainuka, akaingia ndani. Mkewe ndiye aliyetoka kusema kwamba mzee amelala.

Gharama ilikuwa hii. Hamimu aliondolewa kwenye magari miezi kumi na minne kabla ya kustaafu. Akapewa kazi ya kufungua lango, akaikataa, akarudi nyumbani. Mwantum alishushwa cheo cha mkuu wa zamu, akakaa miezi mitatu bila kupanda mnarani, akafanya mtihani upya kama mwanafunzi, na cheo hakijarudi. Walii alikataa kumwoza. Harusi ilisogezwa mara mbili, na mwishowe imamu wa msikiti ndiye aliyekaa mahali pa baba. Hamimu anakaa mtaa wa tatu kutoka kwake. Hajamsemesha tangu asubuhi ile, na watoto wawili wa Mwantum wanamjua babu yao kwa sura tu.